Kamba wa Pango la Shelta: spishi iliyopewa jina ikiwa tayari imepotea

Kati ya mwaka 1963 na 1975, watafiti waliokuwa wakishuka katika Pango la Shelta, mjini Huntsville, jimbo la Alabama nchini Marekani, walithibitisha kuwaona kamba 115 wa aina ambayo wakati huo haikuwa na jina rasmi. Baada ya hapo akaonekana mmoja tu, mwaka 1988. Mwaka 1997 aina hiyo ikatangazwa kuwa spishi mpya, ikaitwa Orconectes sheltae. Ikapita miongo miwili na zaidi bila dalili yoyote, mpaka Mei 2019 jike mmoja alipochotwa kwa wavu.

Tazama jinsi miaka hiyo inavyofuatana. Kamba huyu alipata jina miaka tisa baada ya mtu wa mwisho kumtia machoni. Wakati maelezo yake yanachapishwa, huenda hakukuwa na mtu yeyote duniani aliyeweza kukuonyesha mmoja akiwa hai. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu hiyo. Wengi huona kazi ya kuwapa viumbe majina na kuwapanga katika makundi yao kuwa ya makaratasi, kitu cha kufanywa mambo ya maana yakishakwisha. Kwa kamba wa Shelta ilikuwa kinyume kabisa. Yale maelezo ya 1997 ndiyo yaliyomrudisha. Bila hayo, aliyemwona majini mwaka 2019 angeona kamba mweupe miongoni mwa kamba weupe, akapita.

Pango lenyewe

Shelta ni pango la mawe chokaa lenye kumbi chache kubwa, na ndani yake kuna maziwa ambayo maji yake hupanda na kushuka kufuata msimu. Juu yake pamejengwa mji. Mwishoni mwa karne ya 19 mmiliki wake aliligeuza kuwa mahali pa burudani, likawekwa sakafu ya mbao ya kuchezea dansi na taa za umeme, na likaitwa kwa jina la binti yake. Biashara hiyo ilikufa, pango likabaki. Mwaka 1967 lilinunuliwa na National Speleological Society, chama cha wapenzi na watafiti wa mapango, ili lisije likamezwa na ujenzi.

Chama hicho kilijua thamani ya kilichonunuliwa. Kulikuwa na angalau spishi 12 za wanyama wa pangoni katika mfumo huo mmoja, na kwa upande wa mashariki mwa Marekani jamii ya wanyama wa ndani ya maji yake ilikuwa miongoni mwa zilizo tajiri zaidi. Miongoni mwao walikuwemo samaki vipofu, na walikuwemo gegereka, yaani jamii ya kaa, kamba na uduvi, kwa wingi wa kushangaza. Uduvi mmoja mweupe, Palaemonias alabamae, alielezwa mwaka 1961 kutokana na sampuli za humo humo. Na kamba wa maji baridi, wale wenye magando mawili mbele na mkia mpana nyuma, walikuwa wa aina tatu.

Aina tatu za kamba vipofu katika pango moja ni jambo adimu sana, na ndiyo iliyozua ugumu wote wa kisa hiki. Pango lingekuwa na aina moja tu, kila kamba mweupe angehesabiwa kuwa yule yule na hesabu ingeishia hapo. Hapa kila mnyama alihitaji kutazamwa kwa karibu.

Kwa nini upofu hausaidii

Mtu anapomwona kwa mara ya kwanza kamba wa pangoni, macho yake hukimbilia kwenye kile kilichokosekana. Hana rangi, gamba lake linapitisha mwanga, na mahali pa macho pamebaki vikonyo vifupi visivyo na lenzi. Vipapasio ni virefu, miguu ni myembamba, mwendo ni wa taratibu. Ni rahisi kusema: hawa wote wanafanana, basi ni ndugu.

Lakini upofu na weupe ni dalili za makazi. Ukoo hausomeki humo. Katika giza la kudumu jicho halimletei mnyama faida yoyote, na mabadiliko ya kurithi yanayoliharibu hayaondolewi na uteuzi wa asili, huku vile vinavyosaidia kupapasa na kunusa vikipendelewa. Kamba wa koo mbalimbali kabisa wakiingia chini ya ardhi kwa nyakati tofauti, baada ya vizazi vingi watatoka na sura moja. Mashariki mwa Marekani jambo hili limetokea zaidi ya mara moja: jenasi ya Orconectes, yaani kundi la spishi ndugu, ina vipofu wake, Cambarus ina wake, na Procambarus ya kule Florida nayo ina wake. Ndani ya Shelta peke yake wapo Orconectes wawili na Cambarus mmoja, Cambarus jonesi, ambaye undugu wake na wale wawili ni wa mbali kuliko sura inavyodai.

Kwa hiyo mpangaji wa spishi analazimika kupuuza yale yanayovutia jicho, akatafuta sehemu ambazo giza halikuzigusa. Kwa kamba wa familia ya Cambaridae, sehemu hiyo ni jozi ya kwanza ya miguu midogo iliyo chini ya tumbo la dume. Dume huitumia kupitisha mbegu kwa jike, na umbo la ncha zake hutofautiana spishi hadi spishi: zimepinda kiasi gani, ni ndefu kiasi gani, zinaelekea wapi, zimekaribiana au zimeachana. Jinsia ndiyo inayohusika hapo, wala si mwanga, kwa hiyo upofu hauna sababu ya kuzibadilisha.

Hapo napo pana mtego. Dume wa familia hii ana hali mbili, na hupita kutoka moja hadi nyingine anapojivua gamba. Katika hali ya uzazi, ncha za miguu hiyo huwa ngumu, kali, zenye rangi ya pembe. Katika hali ya kupumzika huwa butu na laini, na tofauti za spishi hufifia. Dume aliyekamatwa katika hali ya pili anaweza asikuambie chochote. Jike anasema kidogo zaidi. Kamba mchanga hasemi kitu. Ukijumlisha yote hayo na mnyama ambaye hakuwa mwingi hata katika miaka yake mizuri, unaanza kuelewa ni kwa nini kutoka kumwona hadi kumpa jina kulipita zaidi ya miaka 30.

Mdogo kwa umbo, au mdogo kwa umri?

Kamba mkubwa wa Shelta, anayeonekana zaidi, ni Orconectes australis. Alielezwa na Rhoades mwaka 1941 kutokana na sampuli za pango hili hili, na mwanzoni alichukuliwa kuwa tawi tu la kamba wa Mammoth Cave huko Kentucky, yule aliyeelezwa na Tellkampf mwaka 1844. Baadaye ndipo akapandishwa kuwa spishi inayojitegemea.

Sasa jiweke katika nafasi ya John Cooper, aliyetumia miaka mingi ndani ya Shelta na mwaka 1975 akamaliza tasnifu yake ya udaktari kuhusu ikolojia ya pango hilo, akiwapa kipaumbele kamba na uduvi. Unapata kamba mweupe mwenye urefu wa sentimita chache. Je, ni mtoto wa australis, au ni mtu mzima wa aina nyingine? Ukijibu vibaya kwa upande mmoja, umebuni spishi isiyokuwepo. Ukijibu vibaya kwa upande wa pili, umeifuta spishi nzima kwa kuiita watoto.

Jibu linatoka mwilini mwake. Mtoto wa australis hawezi kuwa na mayai yanayokua tumboni, wala dume mchanga hawezi kuwa na ncha ngumu za hali ya uzazi. Kamba mdogo aliyekomaa kijinsia ni mtu mzima mdogo, basi. Ukiongeza na magando yake, ambayo kwa huyu ni membamba na marefu kwa namna isiyofanana na ya wenzake pangoni, unapata hoja inayosimama. John Cooper na Martha Cooper waliichapisha hoja hiyo mwaka 1997 katika Journal of Cave and Karst Studies, jarida la National Speleological Society, wakieleza kila sehemu ya mwili, wakachora, wakateua sampuli ya rejea ambayo mtu yeyote atakayedai kumwona sheltae atalinganisha nayo.

Hii sampuli ya rejea haipewi uzito unaostahili. Mnyama mmoja aliyehifadhiwa makumbusho ndiye jina linapofungwa. Maoni ya wataalamu yanaweza kubadilika, jenasi zinaweza kupanguliwa, lakini jina linabaki na mnyama yule. Wale waliohifadhiwa katika miaka ambayo kamba walikuwa bado wanaonekana ndio waliowezesha spishi kuelezwa baada ya pango kunyamaza.

Pango linanyamaza

Pango halina mmea wowote unaotengeneza chakula. Kila kitu kinatoka nje: majani yanayosombwa na maji, na zaidi ya yote, popo. Katika Shelta waliishi popo wa kijivu, Myotis grisescens, koloni la majike waliokuja kuzaa na kulea. Usiku walitoka kula wadudu, alfajiri wakarudi, na mavi yao yakaanguka majini na ukingoni. Juu ya mavi hayo huota bakteria na kuvu, hao huliwa na gegereka wadogo sana, na hao wadogo huliwa na kamba. Koloni la popo lilikuwa kama shamba lililolisha kumbi zote.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 lango liliwekwa mlangoni mwa pango. Nia ilikuwa njema: kuzuia watu kuingia ovyo, waumie au waharibu. Lakini lango hilo halikufaa kwa popo, ambao wanahitaji nafasi ya kuruka kwa makundi bila kupunguza mwendo. Ndani ya miaka michache koloni likahama. Baadaye lango la namna nyingine, linalowafaa popo, likawekwa, lakini koloni lile halikurudi. Wakati huo huo Huntsville ilikuwa inapanuka kwa kasi. Maji yanayoingia ardhini kutoka barabara na viwanja hayachujwi katika mawe chokaa kama yanavyochujwa na udongo mzito. Yanapita kwenye nyufa na kufika chini yakiwa vile vile. Vipimo vya maji ya Shelta vilionyesha kadimiamu, metali yenye sumu, na mabaki ya dawa ya kuua wadudu.

Ni lipi kati ya hayo mawili lililowaumiza kamba zaidi? Mimi naona popo ndio pigo la kwanza. Mnyama wa pangoni amezoea kuishi kwa kidogo, ila kidogo hicho kikikatwa ghafla, wa kwanza kupungua ni wale ambao hata mwanzo walikuwa wachache. Sumu ilikuja kuwakuta waliobaki wakiwa dhaifu. Mtu anaweza kunipinga kwamba uchafuzi haukupimwa mapema vya kutosha kujua ulianza lini, na hoja hiyo ina nguvu. Kilicho wazi ni kwamba mfumo mzima ulianguka. Uduvi Palaemonias alabamae hakuonekana tena Shelta baada ya 1973.

Hapa thamani ya jina inaonekana wazi. Uduvi yule alikuwa na jina tangu 1961. Mwaka 1988 aliingizwa katika orodha ya shirikisho ya spishi zilizo hatarini kutoweka, na kwa kuwa maelezo yake yalikuwepo, watafiti waliweza kumtambua katika mapango mengine ya eneo hilo, likiwemo Bobcat lililo ndani ya kambi ya jeshi ya Redstone Arsenal. Mwaka huo huo wa 1988 kamba wetu alionekana kwa mara ya mwisho kabla ya ule ukimya mrefu, naye bado hakuwa na jina. Sheria za uhifadhi hufanya kazi kwa majina. Ni vigumu mno kumwombea ulinzi mnyama ambaye kwenye maandishi hajulikani.

Sitaki kumlaumu yeyote kwa kuchelewa huko. Kueleza spishi kunahitaji sampuli za kutosha za madume yaliyo katika hali sahihi, na katika pango moja lenye kamba wachache, kila sampuli inayochukuliwa ni mnyama aliyetolewa kwenye hesabu ndogo. Hata hivyo nadhani funzo kwa wanaoshughulikia mapango leo lipo: maelezo mafupi, sahihi, yenye sampuli moja nzuri ya rejea yanaweza kuwa na manufaa makubwa kuliko maelezo kamili yanayokuja mnyama akiwa hayupo.

Mei 2019

Matthew Niemiller wa Chuo Kikuu cha Alabama kilichopo Huntsville, pamoja na wenzake, walikuwa wanaendelea kulichunguza pango hilo kwa kulirudia tena na tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huku chini kuinama ni kuogelea katika maji baridi ukiwa na taa ya kichwani, ukitazama sakafu ya ziwa. Katika ziwa la kaskazini, penye kina cha takriban mita nne na nusu, Niemiller aliona chini yake kamba mdogo. Alipopiga mbizi na kumkaribia, aliona magando: membamba, marefu, tofauti na ya kamba wengine waliokuwa wamewaona humo. Akamchota kwa wavu.

Ukingoni walimpima na kumpiga picha. Gamba la mgongo halikufika sentimita mbili na nusu. Na kupitia gamba hilo linalopitisha mwanga, mayai yaliyokuwa yakikua ndani ya ovari yalionekana. Hapo lile swali la Cooper, mdogo kwa umbo au kwa umri, lilijibiwa palepale: jike mzima. Wakachukua kipande kidogo cha mwili kwa ajili ya vinasaba, wakamrudisha majini.

Hebu fikiria ingekuwaje kama kazi ya 1997 isingefanyika. Magando membamba yangekuwa tofauti ndogo ya kuandika daftarini. Mayai yangeonyesha tu kwamba australis fulani amekomaa mapema. Macho yaliyojua nini cha kutafuta ndiyo yaliyomkamata kamba yule, na yalijua kwa sababu mtu alikuwa ameandika.

Agosti 2020, maji yaliposhuka vya kutosha watu kuifikia sehemu kubwa ya ziwa la magharibi bila mitungi ya hewa, akapatikana wa pili. Huyu alikuwa dume. Matokeo yote mawili yalichapishwa mwaka 2022 katika jarida la Subterranean Biology, Katherine Dooley akiwa mwandishi wa kwanza, pamoja na uchambuzi wa kwanza wa vinasaba wa spishi hiyo.

Umri unaobadilisha maana ya ugunduzi

Jike mmoja na dume mmoja katika miaka miwili. Je, ni habari njema, au ni mabaki ya mwisho ya kundi linalokufa? Jibu linategemea kamba hawa wanaishi muda gani, na hapo kuna hadithi inayostahili nafasi yake.

Katika utafiti wake, Cooper alikuwa akiwatia alama kamba wa Orconectes australis, akiwaachia, kisha akiwakamata tena ili kupima wamekua kiasi gani. Walikuwa wanakua polepole sana, wengine bila badiliko linaloonekana. Akikokotoa kutokana na nyongeza hizo ndogo, alipata kwamba kamba wakubwa wangeweza kufikisha miaka 176. Takwimu hiyo ilizunguka kwa miongo kadhaa, na bado utaikuta ikirudiwa. Inavutia, na inaendana na tunavyopenda kuyafikiria mapango kuwa mahali ambapo wakati umesimama.

Mwaka 2012 Michael Venarsky, Alexander Huryn na Jonathan Benstead walilirudia swali hilo katika mapango mengine matatu ya Alabama, wakiwatia alama kamba zaidi ya 3,800 kwa muda wa miaka zaidi ya mitano. Hesabu yao ilitoa umri wa juu wa takriban miaka 22, na ukomavu katika miaka mitano au sita. Tatizo la hesabu ya awali lilikuwa katika namna ya kukokotoa: ukianza na kamba mdogo na kuongeza nyongeza za ukuaji hatua kwa hatua hadi ufike ukubwa wa juu, kosa dogo katika kila hatua linajilimbikiza. Sampuli zikiwa chache, umri unavimba.

Lete sasa matokeo hayo Shelta. Kati ya kamba wa 1988 na jike wa 2019 kuna miaka 31. Kama kamba hawa wangeishi miaka 176, jike yule angeweza kuwa mzee aliyezaliwa kabla ya lango kuwekwa, anayemalizia siku zake katika maji yasiyoweza tena kulea watoto. Lakini kama sheltae ana maisha yanayokaribiana na ya jamaa yake australis, basi hakuwepo mwaka 1988. Alizaliwa baadaye, wakati pango lilikuwa tayari halina popo, na mayai aliyobeba yanaonyesha mwili wake unapata chakula cha kutosha kutengeneza mengine. Maana yake ni kwamba angalau kizazi kimoja, na yamkini zaidi, kilipita bila mtu yeyote kukiona. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko ugunduzi wenyewe: kuna mahali kamba hawa wanazaliana.

Mahali hapo huenda si kwenye kumbi tunazozifikia. Kumbi za Shelta ni sehemu tu ya maji mengi yaliyomo ndani ya nyufa na mifereji ya mawe chokaa, mingi ikiwa myembamba kuliko bega la mtu. Spishi inayoishi humo inaweza kukosekana ziwani kwa miaka 31 na bado iwepo. Ndiyo maana sipendi wepesi wa kusema spishi ya pangoni imetoweka kwa sababu haikuonekana. Haikuonekana pale tulipoweza kutazama, hivyo tu.

Jenasi inapanguliwa, jina linabaki

Katikati ya hayo yote, mwaka 2017, Keith Crandall na Sammy De Grave walitoa mpangilio mpya wa kamba wa maji baridi wa dunia nzima, na jenasi ya Orconectes ikapasuliwa. Kwa muda mrefu jina hilo lilijumuisha kamba wa mapangoni pamoja na makumi ya spishi za mitoni zenye macho na rangi. Vinasaba vilikuwa vimeonyesha kwamba wa mapangoni hawakai ndani ya ukoo wa wale wa mitoni. Nani aondoke?

Kanuni za majina hutoa jibu bila kujali wingi. Jina la jenasi hufuata spishi yake ya rejea, na spishi ya rejea ya Orconectes ni Orconectes inermis, kipofu aliyeelezwa na Edward Drinker Cope mwaka 1872 kutoka Pango la Wyandotte huko Indiana. Kwa hiyo ni wale wachache wa gizani waliobaki na jina, na wa mitoni wote wakahamia Faxonius, jina lililokuwepo tangu 1905. Wataalamu waliozoea majina ya kale ya kamba wa mitoni walipata kazi ya kujifunza upya. Sheltae hakuguswa.

Vinasaba vimefanya zaidi ya kupangua. Jennifer Buhay na Crandall walionyesha mwaka 2008 kwamba ndani ya kamba vipofu waliodhaniwa kuwa aina inayojulikana kulikuwa na spishi iliyojificha, wakaiita Orconectes barri. Mwaka uliofuata wakaeleza nyingine kutoka Alabama, Cambarus speleocoopi, jina linalowaenzi John na Martha Cooper. Nafurahi kwamba lipo. Hata hivyo vinasaba havikuiondoa kazi ya macho na hadubini. Mfuatano wa jeni bila sampuli ya rejea ni herufi tupu. Hujui ni wa nani.

Ukishakuwa na vyote viwili, mlango mwingine unafunguka. Kila mnyama wa majini huacha seli, ute na vipande vya gamba, na vinasaba vilivyomo vinaweza kuchujwa kutoka kwenye maji yenyewe. Mbinu hiyo imekwisha kujaribiwa kwa gegereka wa chini ya ardhi, akiwemo Stygobromus mweupe wa chemchemi za jiji la Washington. Kwa sheltae haikuwezekana kabla ya 2019, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kulinganishia. Sasa kipo, kutokana na kile kipande kidogo kilichochukuliwa ukingoni mwa ziwa.

Natamani kuona mbinu hiyo ikitumika nje ya Shelta: katika chemchemi, visima na mapango mengine yanayopokea maji ya mfumo ule ule chini ya Huntsville, hasa baada ya mvua kubwa, maji yanaposukumwa kutoka katika nyufa ambazo hakuna mtu atakayepita. Mvua hiyo hiyo ndiyo inayosomba uchafu wa barabara kuupeleka chini, hivyo sampuli moja ya maji inaweza kupimwa kwa ajili ya kamba na kwa ajili ya sumu kwa pamoja. Matokeo ya namna hiyo ndiyo yatakayoeleza ni viwanja gani vya juu vinapaswa kuachwa bila lami.